Sir John Kirk na Kima Punju wa Unguja

Katika kisiwa cha Unguja yuko mnyama mmoja ambaye asili yake haipatikani mahali pengine po pote duniani. Ni kima mwenye mgongo mwekundu na uso mweusi, na nywele nyeupe ndefu zimeuzunguka uso wake kama ndevu na mvi za mzee. Watu wa mashamba humwita kima punju. Lakini wenye elimu ya wanyama katika nchi zote humwita kwa jina la mtu, nalo ni jina la Kirk. Mtu huyo hakuzaliwa Unguja wala hakuzikwa Unguja. Walakini alikaa kisiwani miaka ipatayo ishirini, na kazi yake iliacha alama katika mambo ya watu, na katika elimu ya mimea na wanyama vile vile. Habari za maisha yake ni hizi.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba, mwaka 1832, katika kijiji cha Barry, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mtoto huyo alipokua alipelekwa katika chuo kikuu cha mji wa Edinburgh kusoma uganga, na mwaka 1854 akapata shahada yake ya udaktari. Siku zile daktari alilazimika kujua mimea kwa jina na kwa umbo, maana dawa nyingi zilitoka katika majani, mizizi na maganda ya miti. Wanafunzi wengine waliisoma elimu hiyo kwa ajili ya mtihani tu, kisha wakaisahau. Kirk aliipenda kwa nafsi yake, na mapenzi hayo hayakumtoka mpaka kufa kwake.

Mwaka uliofuata kulikuwa na vita vya Crimea, ambavyo Waingereza na Wafaransa waliwasaidia Waturuki kupigana na Warusi. Kirk akaenda kufanya kazi katika hospitali iliyokuwa karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles. Kila alipopata nafasi alitembea vilimani akikusanya mimea, akaikausha katikati ya karatasi na kuandika mahali alipoiona. Kwa njia hii jina lake likaanza kujulikana kwa wataalamu wa bustani kubwa ya Kew iliyo London, ambako mimea ya dunia nzima huletwa na kuchunguzwa.

Basi mwaka 1858 Dk. David Livingstone alipokuwa akitengeneza safari ya kwenda mto Zambezi, alitafuta mtu wa kuwa daktari wa safari na mjuzi wa mimea pia. Akachaguliwa Kirk, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Safari ile ilikuwa ya taabu nyingi. Chombo chao cha moshi kilikuwa kibovu na kizito, kikakwama mchangani kila mara. Homa iliwapata wote, na wakubwa wa safari waligombana wenyewe kwa wenyewe. Kirk alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwatibu wagonjwa, akaandika mambo ya kila siku, akapiga picha, akakusanya mimea. Mwaka 1859 alikuwa pamoja na Livingstone walipofika katika ziwa Nyasa, na mwaka 1860 walikwenda kwa miguu mpaka penye maporomoko makubwa ya mto Zambezi.

Katika kurudi kutoka maporomokoni, walipita kwa mitumbwi mahali ambapo maji hukimbia kwa nguvu katikati ya majabali. Mtumbwi wa Kirk ukapinduka. Mwenyewe aliponea chupuchupu, lakini madaftari yake, na picha za mimea alizozichora kwa mkono wake, vyote vikachukuliwa na maji. Kazi ya miezi mingi ikapotea kwa dakika chache. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye alianza tena. Mwaka 1862 alimuuguza mke wa Livingstone, Bibi Mary, aliyekufa kwa homa mahali paitwapo Shupanga. Mwaka 1863 Kirk mwenyewe alikuwa hawezi, mwili wake umedhoofika kabisa, akarudishwa kwao Uingereza.

Wengi walidhani kuwa Afrika haitamwona tena. Lakini mwaka 1866 alikuja Unguja kuwa daktari katika nyumba ya Balozi wa Kiingereza. Aliyetawala siku hizo alikuwa Seyyid Majid. Mji wa mawe ulikuwa umezungukwa na maji karibu pande zote, na ghuba iliutenga na Ng'ambo, ambako watu wengi wasiokuwa na mali walijenga vibanda vyao vya miti na udongo, vilivyoezekwa makuti. Mahali paitwapo leo Michenzani palikuwa katika upande huo wa Ng'ambo. Jina lenyewe ni la miti ya michenza, wala hapakuwako hata moja katika majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Mtu aliyevuka daraja na kwenda mbele kidogo aliingia mara moja katika mashamba ya minazi na mikarafuu; na mbele ya mashamba, upande wa mashariki na kusini, palikuwa na vichaka na misitu iliyoota juu ya mawe ya matumbawe.

Huko ndiko Kirk alikopenda kwenda. Aliwauliza wenyeji majina ya miti na kazi zake, maana alijua ya kwamba mtu aliyezaliwa mahali huzijua habari za mahali pale kuliko mgeni mwenye vitabu. Aliuchunguza mti wa msandarusi, na sandarusi iliyochimbwa ardhini pwani ya bara, ambayo ilipelekwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Alichunguza pia mmea mmoja utambaao, wa jamii ya mbungo, utoao utomvu wa mpira. Mmea huo nao ukapewa jina lake na wataalamu. Huko Mbweni, kusini ya mji, alijenga nyumba ufukoni na kupanda bustani. Humo alijaribu mimea iliyotoka nchi mbalimbali, apate kujua ipi itaota vema katika udongo wa Unguja. Mbegu, maua makavu na miche vilipakiwa merikebuni kila mara kwenda Kew.

Si mimea tu. Paa mdogo aitwaye digidigi, apatikanaye katika nyika za Afrika ya Mashariki, naye aliitwa kwa jina la Kirk. Lakini mnyama aliyeunganisha jina lake na Unguja ni yule kima punju. Kirk alipeleka London kima aliyepatikana kisiwani, na mwaka 1868 mtaalamu wa nyumba ya makumbusho ya Uingereza, John Edward Gray, akamchunguza, akaona kuwa si sawa na kima wo wote aliyekwisha kuandikwa, akampa jina la Kirk kwa heshima ya aliyempeleka.

Ni vizuri kueleza sababu ya kuwa kima huyu yuko Unguja tu. Zamani sana, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilikuwa chini, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Barafu ilipoyeyuka, zamani zipatazo miaka elfu kumi, bahari ikapanda na kukifanya kisiwa. Wanyama waliokuwako wakafungiwa humo. Kima punju wakazaana wao kwa wao, vizazi kwa vizazi, wakawa na sura na desturi za peke yao. Kwa hiyo wakiisha Unguja, hakuna nchi nyingine ya kwenda kuwatafuta.

Katika siku zile, desturi ya wenye elimu ilikuwa kumpiga mnyama risasi kwanza, ndipo kumjua. Ngozi ilijazwa pamba, fuvu la kichwa lilisafishwa, meno yakahesabiwa. Nyumba za makumbusho zilishindana kuwa na wanyama wengi wa kila aina. Hakuna aliyeona ajabu, wala Kirk hakuona ajabu. Watu walidhani kuwa misitu haina mwisho, na wanyama waliomo hawana mwisho.

Wakati huo huo Kirk alipandishwa cheo. Mwaka 1870 Seyyid Majid alikufa, akatawala ndugu yake, Seyyid Barghash. Mwaka 1872 tufani kubwa ikapiga Unguja mwezi wa Aprili, ikang'oa mikarafuu mingi, ikavunja vyombo bandarini; na mwaka 1873 Kirk akawa Balozi Mkuu. Hapo ndipo alipopata kazi iliyomfanya ajulikane kuliko zote. Huko Mkunazini palikuwa na soko ambalo watu waliuzwa kama mbuzi, nao wametolewa bara kwa mabavu. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja mwanzo wa mwaka 1873 kumtaka Seyyid Barghash aifunge biashara hiyo. Seyyid akakataa, kwa kuwa mali ya nchi na ya wakubwa wake ilitegemea watumwa, na nchi ilikuwa bado na maumivu ya tufani. Frere akaenda zake. Baadaye serikali ya London ikampelekea Kirk amri: Seyyid akubali, ama sivyo manowari zitazuia kisiwa, pasiingie chombo wala kutoka.

Kirk alikuwa amekwisha kukaa na Seyyid Barghash miaka, naye alijua namna ya kusema naye kwa adabu. Siku kwa siku alikwenda kwake, akamweleza mambo yalivyo, wala hakumficha kuwa nguvu ya manowari ni kubwa. Tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid akatia sahihi. Soko likafungwa, na mahali pale pale likajengwa kanisa kuu ambalo lasimama hata leo. Utumwa wenyewe haukwisha siku ile, maana ulibaki halali Unguja mpaka mwaka 1897. Lakini watu hawakusimamishwa tena sokoni Mkunazini kupigiwa bei. Baada ya hayo Seyyid alimtegemea sana Kirk kwa shauri, na Kirk akawa mtu mwenye nguvu kuliko wageni wote waliokuwako mjini.

Basi katika miaka ile ya shughuli nyingi, misitu ya kisiwa ilizidi kupungua. Palipokuwa na udongo mzuri palilimwa mashamba. Palipokuwa na mawe palikatwa kuni na miti ya kujengea, pakachomwa mkaa na chokaa. Kima punju hula majani machanga, maua na matunda mabichi, wakaa juu ya miti mchana na usiku. Msitu ukikatwa, hawana nyumba wala chakula. Kirk alianza kusikia kuwa hawaonekani tena mahali pengi walipokuwa wakionekana zamani. Mnyama aliyechukua jina lake alikuwa karibu kutoweka mbele ya macho yake.

Habari ya yaliyofuata ilisimuliwa na H. H. Johnston, Mwingereza aliyepitia Unguja mwaka 1884 akienda Kilimanjaro, na aliyetoa kitabu cha safari yake mwaka 1886. Kirk aliambiwa kuwa uko msitu mmoja ambao wawindaji hawajaufikia, na kwamba huenda humo wamebaki kima punju wachache. Akawatuma wawindaji wake waende kutazama kama ni kweli. Wale watu wakatoka, wakakaa msituni muda wa juma moja. Kisha wakarudi kwa furaha kubwa, wamebeba mizigo. Kima walikuwako kweli, nao walikuwa kumi na wawili. Wawindaji walikuwa wamewaua wote, wakamletea bwana wao maiti zao, wakitumaini kusifiwa.

Msomaji aweza kuwacheka wawindaji wale, akasema ni wajinga. Lakini afikiri kwanza. Watu wale walikuwa wamezoea kupelekwa kuwinda wanyama, na kila walipoleta ngozi walipokewa kwa furaha na kulipwa. Hawakuwahi kuona mnyama akithaminiwa kwa kuwa yu hai. Basi walipoambiwa waende kutazama kima, walifahamu agizo lile kwa namna walivyofundishwa na kazi yenyewe. Kosa halikuwa la bunduki zao peke yake. Lilikuwa la desturi nzima, iliyowafanya watu wenye elimu nyingi kumtafuta mnyama kwa bidii na kumwangamiza kwa bidii ile ile.

Baada ya siku hizo Kirk hakukaa sana Unguja. Mwaka 1885 Wadachi walianza kujitwalia nchi za bara ambazo Seyyid Barghash alizihesabu kuwa zake. Seyyid alimtazamia Kirk amsaidie, lakini serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kupatana na Wadachi, ikamwamuru Kirk amshawishi Seyyid akubali. Mtu aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kuuimarisha utawala wa Seyyid alilazimika sasa kusimama akiuona ukikatwa vipande. Mwaka 1886 akaondoka kisiwani, na mwaka 1887 akaacha kazi ya serikali. Mwaka huo huo wataalamu wa chama kikuu cha elimu cha Uingereza, Royal Society, walimfanya kuwa mmoja wao. Alihudhuria mkutano mkubwa wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890, uliozungumza juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Katika uzee wake macho yakapotea, akawa kipofu, yeye aliyeishi kwa kutazama jani na ua. Alikufa tarehe 15 Januari, 1922, katika mji wa Sevenoaks, akiwa na umri wa miaka 89.

Lakini habari ya kima haikufa pamoja na Kirk, maana kima wenyewe hawakuwa wamekwisha. Katika misitu ya kusini na mashariki, na katika vichaka vya mawe ambako jembe haliingii, walikuwako wengine ambao wawindaji hawakuwafikia. Tena watu wa Unguja hawali kima, kwa sababu ya dini yao, na hilo pia liliwafaa wanyama hawa. Hata hivyo hawakupendwa. Jina lao la punju ni jina la sumu. Harufu yao ni kali, na wakulima wengine walisema kuwa mti ambao kima hao huushambulia mwishowe hufa. Katika vijiji kama Pete, walio karibu na msitu wa Jozani, watu waliwaona kila siku wakiingia mashambani, wakapanda minazi na kung'oa vidaka na vitale. Mkulima aliyeyaona hayo alihesabu moyoni hasara yake, akawachukia.

Katika miaka ya 1990 walikuja Jozani wataalamu wa namna nyingine, Thomas Struhsaker na Kirstin Siex. Hawa hawakubeba bunduki. Walibeba daftari na darubini, wakakaa chini ya miti tangu asubuhi hata jioni, wakaandika kila kima anachokula. Habari ya minazi hawakuipuuza, wala hawakumwambia mkulima kuwa anasema uongo. Waliwahesabu kima walao katika minazi, wakazihesabu nazi zilizovunwa, wakalinganisha. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 1999, yaliwastaajabisha watu: mahali ambapo kima walikula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua. Mnazi kwa desturi yake huzaa vidaka vingi kuliko vile uwezavyo kuvikomaza, na vingi huanguka vyenyewe. Kima alipovipunguza, vilivyobaki vilipata nafasi ya kukua. Hata hivyo ilikuwa kweli kuwa mimea mingine shambani hupata hasara, nayo haikufichwa.

Wataalamu hao waliona na jambo jingine. Kima wa Jozani walikuwa wakila mkaa, wakauokota mahali ulipochomwa. Sababu yake ni hii: majani ya miembe na mikungu ni chakula kizuri, lakini yana vitu vichungu vinavyoweza kuleta dhara tumboni, mkaa huvishika vitu hivyo na kupunguza ubaya wake. Kirk, aliyekuwa daktari, angaliipenda habari hiyo. Lakini haionekani katika ngozi iliyojazwa pamba. Yataka mnyama aliye hai, na mtu mwenye subira.

Tena watu wa Unguja walianza kupatana na kima kwa shauri na kwa vitendo. Mwaka 1974 kima 14 walihamishiwa katika msitu wa Ngezi, Pemba, ili aina yao isitegemee kisiwa kimoja tu. Barabara ipitayo Jozani ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, magari yalikwenda mbio na kuwaua kima waliokuwa wakivuka; yakatengenezwa matuta ya kupunguza mwendo, na vifo vikapungua, ingawa havijakoma. Wageni wajao kutazama kima hutoa ada, na sehemu ya fedha hiyo hutolewa kwa vijiji na kwa wakulima ambao mashamba yao huliwa. Hivyo mwenye shamba hapati hasara tu katika kukaa kwake na kima. Hupata faida pia. Mwaka 2004 Jozani pamoja na ghuba ya Chwaka vikafanywa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Unguja. Na hesabu kubwa ya kima, iliyotangazwa katika miaka ya hivi karibuni, ilionyesha kuwa wako zaidi ya 5,800, nao ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wangali wamo hatarini, maana misitu nje ya hifadhi bado hukatwa, lakini hawakwisha.

Si wanyama wote wa Unguja walioipata bahati hiyo. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, naye alipewa jina lake na wataalamu mwaka 1932. Watu waliamini kuwa wachawi hufuga chui na kuwatuma kudhuru wenzao, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 walisakwa na kuuawa. Tangu hapo wako watu wasemao kuwa wamemwona, lakini haujapatikana uthibitisho uliokubaliwa na wote kuwa angali yuko. Mifugo ya watu iliibwa na chui kweli. Walakini hapana aliyekaa chini kuihesabu hasara hiyo na kutafuta namna ya kuilipa, kama ilivyofanywa kwa kima. Hofu ilitangulia, na elimu ikaja imechelewa.

Leo mtoto akaaye katika nyumba za ghorofa za Michenzani aweza kupanda gari la abiria, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 35 akafika Jozani, akamwona kima punju amekaa tawini na mtoto wake kifuani, akitafuna majani, wala hakimbii. Mnyama yule ana jina la mtu aliyefunga soko la watu na ambaye wawindaji wake waliwaua kima kumi na wawili katika msitu mmoja. Mambo yote mawili ni kweli, na yote mawili ni ya mtu mmoja. Kirk alijua mwanadamu hana bei, akalifanyia kazi neno hilo. Thamani ya mnyama aliye hai ilijulikana baadaye, na waliokuja kuijua ni watu waliokaa kimya chini ya mti wakihesabu vidaka, na wakulima wa vijijini waliokubali kuwavumilia jirani zao wenye mikia.

Kazi hiyo haijesha. Kila mti ukatwao bila kupandwa mwingine huwapunguzia kima nyumba, na kila dereva apitaye mbio Jozani aweza kumwua mmoja. Kisiwa ni kidogo, na bahari imekizunguka pande zote. Watu waliomo na wanyama waliomo hawana budi kugawana.